Vazi: Mlango au Ukuta?

Mwanadamu hupenda kujigeuza. Mtoto mdogo hujifunga leso ya mama yake mabegani akawa mfalme. Huvaa viatu vya baba yake vinavyompwaya akawa hakimu. Hushika kijiti akawa jemadari. Hakuna aliyemfundisha hayo. Ameyapata katika maumbile yake kama alivyopata kicheko na kilio. Wengi wakikua huuacha mchezo huo, lakini wako ambao hawauachi. Hukutana siku maalumu, kila mmoja amevaa maleba, yaani mavazi ya kuigizia: huyu shujaa wa hadithi, yule askari wa vita vya zamani, na mwingine kiumbe wa nyota za mbali. Mchezo huu si mbaya, na una mafunzo mengi. Lakini ndani yake mna swali la adili ambalo nataka, msomaji, tulitazame pamoja: je, vazi alivaalo mtu ni mlango wa kumkaribisha, au ni ukuta wa kumzuia?

Swali hili si geni kwangu. Nilipokuwa mwanafunzi, darasa letu lilipewa kuigiza habari za mfalme na watu wa baraza lake. Mimi nilipewa nafasi ya waziri. Ami yangu alikuwa fundi wa cherehani, akanishonea joho la kitambaa chekundu lenye utepe wa rangi ya dhahabu. Mwenzangu mmoja alichaguliwa kuwa mfalme kwa sababu ya sauti yake nzuri na ufasaha wake. Siku ya kujaribu mavazi alikuja na joho alilolishona mwenyewe kwa gunia la sukari, na taji la kadibodi lililopakwa manjano ya jikoni. Nilimtazama toka utosini hata nyayoni, kisha nikasema mbele ya watu wote, "Tangu lini mfalme akavaa gunia?" Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Kesho yake alimwendea mwalimu akamwambia kuwa sauti yake imeharibika, akaomba nafasi yake apewe mwingine. Nikapewa mimi. Jioni ile ile nilimsikia akiimba nyuma ya bweni, na sauti yake haikuwa na kasoro hata kidogo. Mchezo ulichezwa, joho langu likasifiwa. Lakini sidhani kama yupo aliyekumbuka neno moja nililolisema jukwaani.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa. Je, lilikuwa kuvaa joho zuri? La. Je, lilikuwa kujua kwamba gunia si hariri? La, hilo kila mtu alilijua, na mwenye gunia alilijua kuliko sote. Ili tulione kosa mahali lilipo, yafaa kwanza tujue asili ya mchezo wenyewe.

Mwezi wa Julai 1939, wapenzi wa hadithi za sayansi walikutana katika mji wa New York, Marekani. Mkutano huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wa dunia wa watu wa namna yao, na waliohudhuria walikuwa kama 200. Kati yao wawili, Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas, walifika wamevaa mavazi ya watu wa wakati ujao. Mavazi yale hayakutoka dukani, maana duka la kuyauza halikuwapo. Bibi Douglas ndiye aliyeyabuni na kuyashona. Mwaka uliofuata, wapenzi hao walipokutana Chicago, wengi zaidi walijitokeza wamevaa, na tangu hapo desturi ikashika mizizi. Katika miaka ya 1980 Wajapani waliupa mchezo huu jina la kosupure, walilolipata kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, moja la vazi na moja la mchezo. Leo unachezwa katika nchi nyingi. Na Nairobi pia vijana hukutana wakiwa wamevaa kama mashujaa wa katuni na filamu.

Basi mzizi wa mchezo ni sindano na uzi mkononi mwa mtu aliyeipenda hadithi. Lakini mti ukikua huota matawi, na matawi mengine yana miiba. Mchezo ulipoenea, wafanya biashara waliuona. Leo zinauzwa nywele za bandia, deraya, panga na vinyago, na bei ya vazi moja yaweza kupita karo ya mwanafunzi. Panapouzwa vitu vya bei, hapakosi watu wa kuwapima wenzao kwa bei. Mgeni hufika na kofia aliyoibandika kwa gundi usiku kucha. Kabla hajaulizwa jina lake, huulizwa aliinunua wapi. Akisema ameitengeneza mwenyewe, wenye kununua humcheka kwa ufukara. Na kama ameinunua, wenye kutengeneza humcheka kwa uvivu. Angalia, msomaji, jinsi dharau isivyokosa njia: kwa tajiri hupitia mfuko, na kwa fundi hupitia mkono.

Tena huenda mbali zaidi. Wako walioambiwa kuwa hawafai kumwiga shujaa fulani kwa sababu ni wanene, au wafupi, au weusi, na shujaa yule katika picha hakuwa hivyo. Hapo dharau imeliacha vazi na kuushika mwili. Mtu aweza kubadili joho la gunia akipata fedha, lakini aliyeambiwa kuwa ngozi yake ni vazi lisilofaa atabadili nini?

Sitaki kuwadhulumu wenye vifaa vizuri. Aghalabu wao ndio wenye bidii. Mtu hukaa miezi akichunguza picha, akitafuta kitambaa chenye rangi ile ile, akifumua mshono uliopinda na kuushona upya. Bidii hiyo ni ustadi, na ustadi wastahili heshima. Kadhalika wako ambao huigiza historia, nao husema: tukivaa ovyo tutawafundisha watazamaji uongo juu ya waliotutangulia. Neno hilo lina uzito, wala haliwezi kuondolewa kwa kusema tu kwamba sisi sote ni sawa. Hebu basi tulipime kwa mfano mmoja wa kweli.

Tarehe 17 Septemba 1862 majeshi mawili ya Wamarekani yalipambana kando ya kijito cha Antietam, katika jimbo la Maryland. Ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1861 na kwisha 1865. Kwa siku ile moja, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walikaribia 23,000. Askari wengi wa jeshi la Kusini walifika pale miguu mitupu, na nguo zao zimechanika. Hata wa Kaskazini hawakuwa salama: mwaka 1861 baadhi yao walivishwa sare za sufu iliyotokana na matambara yaliyosagwa, zikafumuka kwa mvua na mwendo.

Katika zama zetu wako Wamarekani wengi wapendao kuyaigiza mapigano ya vita vile. Hupiga kambi, hupika chakula cha wakati ule, na huvaa kama walivyovaa askari wale. Miongoni mwao wako waitwao kwa utani wahesabu nyuzi, maana huweza kumwinamia mwenzao na kuhesabu mishono ya koti lake, kisha kumtangaza kuwa ni wa bandia kwa sababu ya kifungo kimoja. Ni ajabu kweli. Mtu amejigeuza kuwa askari aliyekwenda vitani bila viatu, naye anamcheka mwenzake kwa sababu kiatu chake hakikushonwa kwa namna ya zamani! Lau askari yule wa kweli angefufuka na kufika kambini kwao na matambara yake, yamkini angefukuzwa kwa kosa la kutofanana na nafsi yake.

Tena, katika uwanja ule ule wa Antietam, mwaka 1989, mwanamke mmoja aitwaye Lauren Cook alishiriki katika maigizo amevaa kama askari mwanamume mpiga filimbi. Uwanja ule ni mali ya serikali, na watunzaji wake walipomtambua kuwa ni mwanamke walimkataza, wakatoa hoja ya uhalisi wa historia. Bibi huyu alilipeleka shauri mahakamani, na mwaka 1993 jaji akaamua kwamba alikuwa amebaguliwa. Na historia yenyewe ilikuwa upande wake. Wataalamu wamegundua habari za mamia ya wanawake waliojigeuza wanaume wakapigana katika vita vile, na baadhi yao walikuwapo Antietam siku ile ya damu. Naye Lauren Cook baadaye alishirikiana na mwenzake kuandika kitabu juu yao, kilichotolewa mwaka 2002. Mwanamke aliyevaa kiume katikati ya askari wa Antietam hakuwa kosa la historia. Alikuwa sehemu yake iliyosahauliwa.

Mfano huu wafundisha nini? Wafundisha kwamba si kila asemaye "uhalisi" anaupenda ukweli. Mwenye kuupenda ukweli huuliza, huchunguza, na akigundua alikosea hufurahi. Mwenye kupenda ukuta huchukua neno la ukweli akalifanya tofali. Utamjua kwa alama moja: ukimwonyesha ukweli unaofungua mlango, hukasirika.

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni maradhi ya wageni tu. Katika karne ya 19, hapa pwani na Unguja, nguo ilimtenga mtu na mtu kwa ukali kuliko mchezo wowote. Mtumwa alijulikana kwa merikani au kaniki aliyovaa, na kofia na viatu vilikuwa alama za waungwana. Utumwa ulipoondolewa katika sheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi wa walioachwa huru walianza kubadili mavazi yao. Wanawake walijitanda kanga za rangi na maua, na wanaume wakavaa kanzu na kofia. Yamkini wako waliowacheka na kusema wanajifanya wasivyo. Lakini watu wale walikuwa wanajua walitendalo. Nguo iliyokuwa ukuta wao waliigeuza kuwa mlango, wakapita.

Ni mnamo miaka hiyo hiyo, katika miji ya pwani ya Kenya, ilipozuka ngoma iliyoitwa beni, jina litokanalo na bendi. Ilienea Tanganyika na bara, nayo ilikuwa mchezo wa mavazi hasa. Wachezaji walivaa sare mfano wa askari na mabaharia wa manowari, wakapiga tarumbeta na ngoma, wakapeana vyeo vya mfalme, jenerali na hata daktari. Mombasa palikuwa na chama cha Kingi na chama cha Skochi, na hawa wa pili walijivika sketi kama za askari wa Uskoti. Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akitumwa na kukaripiwa, jioni alikuwa kanali, na watu wakampigia saluti. Wala faida haikuishia katika ngoma. Mwanachama akifika mji asioujua, alipata wenyeji katika chama chake. Akiugua alitazamwa, na akifa alizikwa kwa heshima. Huo ndio mlango.

Lakini ukuta nao ulijengwa kwa kitambaa kile kile. Katika miji mingi ya Tanganyika Marini walihesabiwa kuwa watu wa hadhi, makarani na watu wa mjini, na Arinoti wakahesabiwa kuwa vibarua na watu wa kuja. Mashindano ya sare na karamu yaliwala watu mali zao, na wazee wakalalamika kwamba vijana wanatupa fedha. Sare iliyoshonwa ili mnyonge ajione mtu ikawa kipimo kipya cha kumwonyesha unyonge wake.

Sasa twaweza kulirudia swali letu. Vazi lenyewe si mlango wala si ukuta. Ni kitambaa. Linakuwa hiki au kile kwa namna ya kulitumia, na hapa pana tofauti moja ambayo nataka uishike. Kipimo cha uzuri ni kitu chema mtu akijipimia mwenyewe. Fundi asemaye, "Mshono wangu huu haujanyooka, nitaufumua," anakua. Lakini akikichukua kipimo kile akamwekea mwenzake ambaye hakukiomba, hakui yeye wala hamkuzi mwenzake. Alichopata ni furaha ya kuwa juu, na furaha hiyo haina ustadi ndani yake. Mtu asiyejua hata kutunga uzi katika tundu la sindano aweza kuipata.

Utaniuliza, "Je, basi tusishindane? Je, fundi na asiye fundi wapewe tuzo moja?" La. Mashindano ni pale ambapo watu wamekubali kupimwa. Aliyeingia humo amekiomba kipimo, na mwamuzi akimpa alama ndogo kwa haki hakumdhulumu. Na kama chama fulani kimeweka sheria ya mavazi kwa kazi maalumu, kwa mfano kuonyesha historia mbele ya watazamaji, sheria hiyo yaweza kuwa njema, ikiwa imetangazwa wazi, ikiwa inamhusu kila mtu, na ikiwa asiyeitimiza leo anaonyeshwa njia ya kuitimiza kesho. Ubaya ni kuifanya dunia nzima kuwa uwanja wa mashindano, na kila mgeni kuwa mshindani asiyejua kwamba ameshindanishwa.

Utaniuliza tena, "Nikiona kosa, je, ninyamaze? Kunyamaza si kumnyima mwenzangu elimu?" Hilo ni swali zuri. Jibu lake ni hili: tazama unalisema neno hilo kwa faida ya nani. Ukimwita kando ukamwambia, "Taji lako ni zuri, ukilipaka gundi kwanza, rangi itashika," umempa kitu. Ukilisema mbele ya watu ili wacheke, umechukua kitu chake ukajipa wewe. Maneno yaweza kuwa yale yale, na kosa alilonalo likawa la kweli katika hali zote mbili. Mwalimu na mdhihaki wote wawili huona kasoro. Lakini mwalimu huiona akainama kusaidia, na mdhihaki huiona akanyanyuka.

Na wewe uliye na vazi hafifu, nina neno kwako pia. Usimchukie mwenye vazi zuri kwa sababu ni zuri. Huenda alianza na gunia kama wewe. Wala usiifanye hafifu yako kuwa fahari, ukadai kwamba kila mwenye bidii ana kiburi. Hiyo nayo ni dharau iliyovaa nguo za kimaskini. Muulize jinsi alivyoshona. Aghalabu fundi wa kweli akiulizwa kazi yake hufurahi kuliko akisifiwa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, lakini hapana ndege aliyezaliwa akiruka.

Tena kumbuka hili: mchezo unaofunga mlango hujifunga wenyewe. Kila fundi mkuu alikuwa siku moja mwanagenzi mwenye mshono uliopinda. Kikundi kinachowacheka wanagenzi leo hakitakuwa na mafundi kesho. Watabaki watu wachache wakitazamana vifungo, hata watazeeka, na majoho yao yataliwa na nondo kabatini kwa kukosa wa kuyarithi.

Namrudia mwenzangu wa gunia la sukari. Baada ya miaka mingi ndipo nilipofahamu alichokuwa amekifanya. Joho langu nilishonewa. Yeye lake alilibuni. Alikitazama kitu ambacho watu wote walikiona gunia, yeye akaona ufalme ndani yake, na hiyo ndiyo kazi hasa ya mwigizaji. Lau ningenyamaza, angepanda jukwaani na kufungua kinywa chake, na kwa sauti ile gunia lingesahauliwa mara moja. Watu wangemwona mfalme. Badala yake walimwona waziri aliyevaa vizuri na asiyekuwa na la kusema. Hasara haikuwa yake peke yake. Watazamaji wote walinyimwa mfalme wao kwa sababu ya neno langu moja.

Sikupata kumwomba radhi. Tulimaliza shule, kila mtu akashika njia yake. Kwa hiyo radhi hiyo naiomba hapa kwa kukuusia wewe. Shuleni kwako, katika ngoma, katika michezo na katika karamu, ipo siku atakuja mtu amevaa gunia na kusema kwamba yeye ni mfalme. Usiulize gunia limetoka wapi. Msogezee kiti, kisha msikilize.